Nani Aliukata Mti wa Miiba

Kosa langu la mwanzo lilikuwa kunakili maneno ya mtu mmoja kabla ya kumuuliza wa pili. Haraka ya kuona kazi imekamilika, safi, ndiyo iliyoniponza. Ukurasa uliofutwafutwa hunikosesha usingizi. Nimewahi kuandika mmoja mara nne kwa sababu ya herufi iliyopinda.

Nilikuwa nikimhudumia mzee wa Ireland katika nyumba ya ghorofa mtaani Ixelles, karibu na uwanja wa Flagey, mbali na kwao na kwetu pia. Asubuhi nilimwogesha, nikampikia uji wa shayiri, kisha tukakaa dirishani na daftari langu, nikiandika kumbukumbu zake za utotoni. Tuliongea Kifaransa. Mimi nilimwita papa, kama tunavyowaita wakubwa kwetu, naye akaniita karani.

"Karani, leo tumefika wapi?"

"Kisimani, papa."

"Basi chota maji, acha kunikodolea macho."

Kisima hicho kilikuwa kwao. Mashambani Ireland ardhi imegawanywa vipande vidogo, kila kimoja na jina lake hata kikiwa na nyumba chache tu. Nilielewa upesi, kwa sababu kwetu Burundi ukitaja kilima chako watu wanajua wewe ni mtoto wa nani. Kipande chake kilikuwa na nyumba saba, kuta za mawe yaliyopangwa bila saruji, na mashamba yenye majina: la Mjane, la Mabata, la Mti. Viazi vikikomaa, nyumba zote ziliingia pamoja kuchimba shamba moja, zikamaliza, zikahamia la pili. Katika shamba la Mti ulisimama mti wa miiba peke yake. Hakuna aliyeugusa, maana walisema una wenyewe wasioonekana.

Jirani yao ndiye aliyeukata, alisema mzee. Tangu hapo hakuna aliyekwenda kumchimbia viazi. Akanitajia jina la jirani herufi kwa herufi, mara mbili, nisikosee. Nikamshukuru.

Kuandika nilijifunza mwenyewe, kwa vitabu vya kuazima, na hii ilikuwa kazi yangu ya kwanza ambayo watu wangeisoma. Wenyeji wa kule walikuwa wakikusanya historia yao. Niliwatumia kurasa thelathini kwa Kiingereza changu cha vitabuni, jina la jirani ndani, jina langu chini.

Pasaka dada yake mzee akaja kumtembelea. Nikampa nakala kabla hata hajamaliza chai. Alisoma kimya mpaka kwenye mti, akavua miwani.

"Baba yetu ndiye aliyeukata," akamwambia kaka yake kwa Kiingereza, polepole, ili nami nielewe. "Na jirani huyu ndiye pekee aliyekuja kutusaidia kuchimba viazi. Umemwandikisha nini kijana wa watu?"

"Mambo ya zamani hayo."

"Ya zamani? Wajukuu wake bado wanaishi palepale!"

Dada alipotoka kwenda sokoni, nilibaki nimesimama na sahani mkononi.

"Papa, ulijua naandika jina lake."

"Nilijua."

"Ukanitajia herufi moja moja."

"Una mwandiko mzuri, karani," akasema, bila kunitazama. "Nilitaka mara moja tu, mahali fulani, iandikwe kwamba hatukuwa sisi."

Nilimwonea huruma, sikatai. Lakini alikuwa ametumia mkono wangu kumchafua mtu aliyemfadhili, na mimi nilijivunia usafi wa kurasa zile.

Siku hiyohiyo niliandika barua ya kusahihisha. Nilifuta mara tatu katika ukurasa mmoja, nikaituma hivyohivyo. Majibu yalikuja baada ya wiki mbili, mafupi: barua wameipata, ila kurasa zangu zilikwisha kusomwa kwa sauti katika mkutano wa wenyeji, na mjukuu wa yule jirani alikuwemo.

Bado namwogesha mzee, bado nampikia uji. Haniiti karani tena, nilimkataza. Daftari hubaki kwangu, na lolote analonisimulia siliandiki mpaka nimempigia simu dada yake.