Nilipulizia dawa ya pamba kwenye pilipili za mke wangu

Wakuu, mwangaluka.

Jumapili moja asubuhi mdogo wangu Masunga alikuja na dawa ya pamba iliyobaki kwenye bomba lake, akaniambia nipulizie pilipili za mke wangu. Nilipaswa kukataa. Sikukataa.

Mimi ni mzee wa hapa Nkololo, Bariadi, nimesoma hadi kidato cha nne. Nyuzi zenu huwa nasoma tu. Huu wangu naandika mambo kama yalivyotokea, na pale nilipokosea nitasema nilikosea.

Mke wangu, Mama Kabula, kwao ni Nassa, kule ziwani kwenye dagaa. Alipoolewa alikuja na mbegu za pilipili kichaa amezifunga kwenye pindo la kitenge. Tangu hapo hatukuwahi kununua pilipili sokoni.

Alikuwa anasia nyuma ya jiko, anakinga jua kwa nyasi, anahamisha miche mvua zikishika. Kuchuma, alichuma na vikonyo vyake ili zisioze haraka. Nyingine alizianika kivulini. Siku ya dagaa aliponda mbichi kwa chumvi na ndimu. Mimi nina vidonda vya tumbo, kwa hiyo yangu ilikuwa harufu tu.

(Kwa wanaoshangaa kwa nini pilipili kichaa huota mahali ambapo hukupanda: ni ndege. Wao hawasikii ukali. Wanakula huku, wanapanda kule.)

Mwaka ule majani yalijikunja, vidukari wamejaa chini yake. Mama Kabula alikuwa anapambana nao kwa majivu na maji ya sabuni, taratibu tu.

Masunga alipoyaona yale majivu alicheka.

"Kaka, unawapaka poda hawa? Dawa inayoua funza wa pamba itashindwa na hivi vidudu?"

"Mama Kabula hataki dawa kwenye mboga zake."

"Kwani leo yupo? Mwenye mji ni nani hapa?"

Hilo neno ndilo lililoniangusha. Mke wangu alikuwa kanisani. Nikabeba bomba, nikapulizia kwa kipimo kile kile cha pamba. Huku kwetu karibu kila nyumba ina chupa ya dawa ya pamba, tumeizoea kama chumvi.

Aliporudi nilikuwa nimeshaoga. Nikapanga kumwambia baada ya kula, maana nilijua atagomba.

Akaenda nyuma ya jiko, akachuma konzi nzima, akasuuza, akaponda. Nilikuwa nimekaa mbele yake. Nikajiambia, si ameziosha.

Alikula zote, na ugali kwa dagaa.

Saa tisa jasho lilianza kumtoka, mate yakajaa mdomoni, akatapika. Nikatafuta bajaji, tukakimbia hospitali.

Nesi akaniuliza, "Mzee, mama amekula nini? Kuna dawa yoyote ameshika?"

Nikasema, "Hakuna dawa. Labda dagaa. Walitoka kwao juzi."

Mama Kabula alikuwa anasikia.

Wakamtibu kama mtu aliyekula dagaa wabovu. Jua lilipokaribia kuzama mikono yake ilianza kutetemeka. Hapo ndipo nilipomfuata daktari mlangoni nikasema ukweli. Walibadilisha matibabu pale pale, na akapona. Ila daktari aliniambia zile saa nilizonyamaza zilitaka kumuua.

Alipopata nguvu aliniuliza, "Baba Kabula, wakati naponda ulikuwa unajua?"

Nikasema ndiyo.

"Halafu ukasingizia dagaa wa kwetu."

Hakupaza sauti. Alipotoka hospitali alienda moja kwa moja Nassa, kwa binti yetu Kabula aliyeolewa huko. Wazee wakakaa nasi, nikakiri kila kitu. Alisema amenisamehe. Wakamwuliza, sasa kwa nini harudi?

Akawajibu, "Nimemsamehe. Lakini nitamezaje?"

Nikang'oa ile miche yote nikachoma. Nilidhani mbegu za kwao zimeishia hapo.

Mwaka huu ukaota mche mmoja kando ya zizi, kazi ya ndege. Niliutunza kwa majivu na maji ya sabuni, kama alivyokuwa anafanya yeye. Zilipoiva nikachuma na vikonyo, nikaanika kivulini, nikajaza kopo, nikampa mtu anayekwenda Nassa.

Kabula akanipigia. "Baba, mzigo umefika."

"Mama amesemaje?"

"Amesema asante. Amewamwagia kuku kwanza. Leo siku ya tatu, kuku wazima."

"Na yeye?"

"Yeye bado, baba."

Wakuu, dawa ya shambani isiingie bustani ya jikoni, hata aliyeileta awe ndugu yako wa damu. Na ukishakosea, mwambie nesi ukweli kwenye swali lake la kwanza kabisa. Aibu ya dakika moja ningeweza kuibeba.

Mwenye la kusema aandike hapa chini, hata kama ni kunisema, nitasoma yote. Masunga mwacheni. Yeye alileta bomba tu, aliyepulizia ni mimi, na aliyenyamaza ni mimi.

Mke wangu yu hai na amenisamehe, lakini hatakula tena chakula cha nyumba yangu. Napika mwenyewe, nakula peke yangu.