Matanga Yaliyomaliza Ghala la Njaa

Ghala la njaa la kijiji chetu liliisha kwa siku saba, Januari 1999, na siku hizo hakukuwa na njaa.

Magunia kumi na manne ya wimbi, yaani ulezi. Yaliliwa na watu ambao kwao mahindi ya msimu yalikuwa bado darini.

Hakuna aliyeiba. Mlango ulifunguliwa mchana, watu wakiona. Ufunguo mmoja ulikuwa wangu.

Mimi shule niliachia darasa la sita, kwa hivyo nitaeleza tu vile ilivyokuwa.

Kijiji chetu kiko ndani kidogo ukitoka soko la Lubao. Miaka hiyo kila mtu alikuwa amepanda miwa mpaka mlangoni. "Miwa haipikwi," ndugu yangu mkubwa, Phanuel, alikuwa akisema, mpaka watu wakamchoka.

Phanuel aliijua njaa. Ile ya 1984 alimbeba dada yetu mgongoni hadi hospitali, akarudi amembeba vilevile, ameshakufa.

Basi mwaka 1994 akakusanya nyumba ishirini na moja. Kila nyumba ikate kipande cha miwa, ipande wimbi, na kila mavuno ilete debe moja. Wimbi hauna shida na wadudu, unakaa miaka. Wengine walileta wimbi. Wengine walileta maneno.

Tukajenga ghala nyuma ya nyumba yake, limeinuliwa juu ya nguzo, mlango una kufuli tatu. Ufunguo mmoja wake, mmoja wa Rosebella, mama aliyekuwa mweka hazina wetu, mmoja wangu. Sheria ilikuwa moja: halifunguliwi mpaka mvua ya Machi ikatae.

Patroba, jirani yetu, alikuwa na mdomo.

"Phanuel, hata panya wako wana akiba kunishinda mimi."

"Basi oa panya," Phanuel akamjibu.

Mwaka huo wa 1999 ulipoanza tu, homa ya matumbo ikamshika Phanuel. Siku tisa, akaenda.

Kwetu mtu hazikwi kimyakimya. Na huyu alikuwa ametembea mpaka Likuyani akihubiri wimbi, kwa hivyo walikuja kwa malori. Siku ya kwanza nilihesabu watu mia mbili. Siku ya pili niliacha kuhesabu. Unga wa mahindi uliisha kabla ya saa nne asubuhi.

Mzee Hezekiah, kaka mkubwa wa marehemu baba, akaniita kando.

"Makhanu, watu wanakula nini?"

"Chai, mzee."

"Chai." Akaniangalia kama nimemtukana. "Mtu wa wimbi tunamzika na chai ya rangi?"

"Ghala ni la kikundi, mzee."

"Na kikundi kiko wapi? Si ndio hao wamekaa pale na njaa?"

Tulimkuta Rosebella tayari amesimama mbele ya ngazi ya ghala, leso kiunoni.

"Hili si la marehemu," akasema. "Ni la mvua ikikataa."

"Mama, hata Yesu akirudi leo utamwambia asubiri Machi?" Patroba akauliza.

Watu wakacheka. Matanga yenyewe, na watu wakacheka.

"Gunia moja tu," Mzee Hezekiah akasema. "Uji wa wanaokesha. Basi."

Rosebella akanigeukia. "Makhanu, wewe ndiye ndugu yake. Watakusikia."

Macho yote kwangu. Wageni, wakwe, watoto.

Nikatoa ufunguo.

Nafula, mjane wake, akatoa wa marehemu bila kuuliza kitu. Alikuwa hata hajui siku gani. Rosebella akabaki peke yake. Akautupa wake chini kwenye vumbi.

"Okoteni wenyewe."

Gunia likawa moja, kweli. Mpaka jioni.

Kisha watu wa Likuyani hawawezi kulala na uji, ugali ukapikwa. Kisha wakwe wakaja. Kisha busaa, pombe ya wimbi, ya wazee wa siku ya kunyoa waliofiwa. Kulikuwa na debe mbili za mbegu, mdomo umefungwa, zimewekwa alama ya mkaa. Nazo zilipikwa. Aliyezipika hajajitaja mpaka leo.

Watu waliondoka wakisifu. Walinishika mkono, wakasema sasa hayo ndiyo mazishi. Sitadanganya, nilijisikia mwanaume.

Machi mvua ikaja. Tukapanda mahindi. Wimbi hatukupanda, mbegu ile haikuwa madukani, na vipande vyote vikarudi kwa miwa.

Wiki ya tatu ya Aprili mvua ikakatika.

Mahindi yalikuwa yamefika magotini. Kufika Juni yalikuwa kuni. Watoto walitafuna miwa michanga mpaka midomo ikachanika. Kuna watu walikuwa wanakuja kwa ghala, wanapanda ngazi, wanachungulia, wanashuka bila kunisalimia.

Rosebella hakuja kunicheka. Alikuja kuomba gorogoro moja ya unga, mkebe tu wa kupimia. Sikuwa nayo.

Misiba ya mwaka huo haikuwa na wageni. Mtu alikufa asubuhi, jioni yuko chini, na waliochimba kaburi wakaenda kwao kulala.

Sasa kuna jambo sijawahi kumwambia mtu. Hata mke wangu.

Siku mbili kabla afe, tukiwa wawili tu chumbani, Phanuel alinishika mkono.

"Nikifa, nizike kesho yake," akasema. "Wape watu chai, waende kwao. Ghala usifungue."

"Nimesikia."

"Watakusema."

"Wacha waseme."

Hivyo ndivyo nilivyomjibu.

Kwetu neno la mwisho la mtu halina wa kulipinga. Ningelisema pale kwenye ngazi, Mzee Hezekiah mwenyewe angekaa chini, na Patroba angefunga mdomo. Nilikuwa nalo kwenye ulimi. Nililimeza kwa sababu niliogopa kuitwa mtu aliyemzika ndugu yake na chai.

Ninyi mnaotengeneza akiba za vijiji siku hizi, mnachimba mabwawa, mnaweka benki za mbegu, mnapanga mambo ya ukame na mafuriko, fanyeni hivyo. Lakini kufuli hazitoshi, sisi tulikuwa nazo tatu. Mtafute mapema mtu anayeweza kusimama mbele ya watu wake, siku ya msiba, akaitwa mchoyo, na asitoe ufunguo. Kama hamna mtu huyo, mnawawekea waombolezaji chakula.

Hesabu ya mwaka huo ni hii.

Mtoto wa Patroba, miezi kumi na minane.

Pacha mmoja wa Rosebella.

Mzee Hezekiah, mwezi wa nane.

Nyumba sita zilihama kwenda kulimia watu Likuyani, hazikurudi.

Mbegu ya wimbi ule, hakuna. Nimeitafuta mpaka chuo cha kilimo cha Bukura, hawaijui.

Na binti yangu Mitchel, miaka mitatu na wiki mbili.