Siku Nilipokataa Masale ya Uru

Chumba kile kilinuka vumbi lililoungua na udi. Vumbi lilitoka ndani ya kompyuta, ile ya zamani yenye mgongo mkubwa kama debe, na udi aliuchoma mama yake Kiran kila asubuhi mbele ya picha za miungu yao, nyuma ya duka lao la vipuri pale Kiboriloni. Changanya na dagaa wa sokoni ng'ambo ya barabara, utapiga chafya mpaka machozi. Nilikuwa nimemaliza darasa la saba, nasubiri matokeo ambayo moyoni nilishayajua, na kila siku nilishuka na mama kuuza ndizi. Mkungu wa mwisho ukinunuliwa tu, nakimbilia kwa Kiran.

Kiran alikuwa kijana wa Kihindi wa miaka ishirini hivi, mzaliwa wa Moshi, anaongea Kichagga kunishinda mimi. Alikuwa na mchezo wa vita vya kale vya wafalme wa Ulaya, akaufumua na kuushona upya: akawatoa Wazungu, akaweka mlima wetu na wamangi wake, wale watawala wetu wa zamani. Tena akaufanya mgumu makusudi. Kurudia hakuna. Mangi wako akifa, unaachia kiti, na hukikalii tena mpaka likizo iishe. Wenzangu walichagua Kibosho na Machame, wenye majeshi makubwa, wakafa ndani ya siku mbili. Mimi nikachagua Mbokomu, kwetu, kipande kama kiganja, vijiji vitatu na mikuki ya kuhesabika. Wakacheka. "Huyu anamaliza kabla ya chai!"

Sijisifu, lakini nilidumu wiki tatu. Darasani sikuwahi kuwa wa kwanza hata kwa kukimbia, ila pale kwenye kiti nilikuwa mtu. Kibosho nilimpelekea ng'ombe kabla hajaomba. Machame nikamwoza binti. Jirani yangu Uru aliponivamia, nikamvuta mpaka kwenye korongo jembamba nikamla nusu ya jeshi lake. Siku hiyo chumba kilijaa mpaka dirishani. Hata Kiran aliacha wateja dukani akaja kusimama nyuma yangu.

Ndipo Uru akaleta mjumbe. Kwenye kioo likatokea jani refu la kijani, limepigwa fundo. Masale. Hakuna mtoto wa mlimani asiyelijua: aliyekukosea akikuletea jani lile, umeshamsamehe, upende usipende. Babu yangu alimsamehe hivyo mtu aliyemchomea ghala, nami nikiwa nimesimama pale pale naona. Kiingereza cha mchezo sikukijua, lakini siwezi kusingizia hilo, jani nililiona vizuri kabisa. Nikajiambia mashine itajulia wapi mambo ya masale? Nikakataa, nikamfuata Uru mpaka kwake nikamchukua mzima mzima. Chumba kikalipuka kwa kelele. Mbokomu ilikuwa mara mbili ya jana!

Zamu iliyofuata, Kibosho akavunja urafiki. Nikadhani ni wivu. Kisha Machame, mkwe wangu, akamrudisha binti. Kisha vijiji vyangu mwenyewe, Mungu wangu, vile vitatu nilivyoanza navyo, vikaanza kuzimika kimoja kimoja. Hakuna aliyevishambulia. Watu walikuwa wanamhama mangi wao.

"Kaka Kiran, imeharibika!" nikapiga kelele. "Mashine yako imeharibika!"

"Haijaharibika, Mangi. Jani uliliona?"

"Niliona."

"Ukakataa masale?" Akashika kichwa kwa mikono miwili. "Wewe Mchagga wa wapi, bwana? Mimi Mhindi najua, wewe hujui?"

Hakuna aliyecheka. Hilo ndilo lililonitisha. Wale watoto walikuwa hawana huruma hata na kilema, na sasa walikuwa wananitazama kama mtu aliyetukana msibani. Kumbe Kiran alikuwa amepanda kwa wazee wetu na daftari, akauliza, akaandika, akaiweka sheria ya babu yangu ndani ya lile debe, na mimi damu yake ndiye niliyedhani hakuna anayeona. Pembe ya mchezo ikalia mara moja. Mbokomu ikafutika.

Leo nina malori matatu, na nyumba ya ghorofa Masama ambayo wageni huipiga picha wakidhani ni hoteli, na cheti changu ni kile kile cha darasa la saba. Wenye digrii wananiamkia kwa heshima. Nikiingia soko la Kiboriloni, watu hunipisha njia. Siku ile nilipoinuka kwenye kiti sikupishwa. Mwenzangu alishakaa, anachagua Marangu, na wote walishakigeukia kioo. Ilibidi nipenye kwenye migongo yao kuutafuta mlango.