Risiva Iliyolia Bila Mlango Kufunguliwa

Tangu mume wangu apotewe na kumbukumbu, akipata upenyo anaondoka. Husema anakwenda Narung'ombe kwa mama yake, na mama yake tulishamzika. Safari moja mfugaji mmoja, mhamiaji kutoka mikoa ya ziwani, alimkuta porini, kwenye mapito ya tembo, akamrudisha kamshika mkono. Tangu siku hiyo sipendi kumwacha peke yake.

Lakini korosho zikidondoka lazima niziokote. Mjukuu wangu wa kike, anayesoma ufundi wa umeme Nachingwea mjini, akanitengenezea kengele. Kidude kimoja alikifunga mlangoni. Mlango ukifunguliwa, kinatuma mawimbi ya redio. Kingine, risiva ndogo kama kiberiti, ya kuyapokea na kulia, nikakifunga kwenye pindo la kanga, nikaenda nacho shambani.

Kikalia. Nikakimbia na magoti yangu haya. Mzee kakaa mkekani, mlango umefungwa. Nikarudi, kikalia tena. Ikawa hivyo mchana kutwa. Jioni mjukuu alikuta nimekifunika kwa sufuria.

"Mke mwenzangu," akanitania, "umekifunga jela?"

"Kinasema uongo. Mwisho kitalia kweli, na mimi nitakuwa nimekaa tu."

Hilo ndilo lililonitisha. Safari ya mwisho sikukimbia. Nilitembea.

"Hakisemi uongo, bibi. Risiva hizi za bei rahisi, pakiwa kimya zinazidi kutega sikio. Basi zinaokota kila mkwaruzo wa hewani."

"Ufundishe mlango adabu. Mtu hupiga hodi."

"Ndiyo nataka kufanya. Mlango utapiga hodi tatu, kwa namna yake. Risiva isipozisikia zote, inyamaze." Akakichungulia. "Na huu waya, nani kaukunja?"

"Ulikuwa unanasa kanga."

"Ndiyo sikio lake hilo."

Akaunyoosha, akakaa na kompyuta yake mpaka akamaliza.

Kesho yake kweli kikanyamaza. Nikaokota korosho huku kila mara nakitazama, maana sikujua kama mlango umefungwa au kidude kimekufa. Mara mbili nilikwenda kuchungulia bila kuitwa. Mzee yupo mkekani.

Kisha kikalia. Moja, mbili, tatu, kikatulia. Nikamwaga korosho.

Nilimkuta keshapita jiko, fimbo mkononi, anaelekea porini. Mlango alikuwa ameurudishia vizuri nyuma yake.

"Unakwenda wapi, mzee?"

"Narung'ombe. Mama ananingoja."

Ukimvuta anapigana, najua. Na ana nguvu kunishinda.

"Basi nakusindikiza," nikamwambia. "Njia ni huku."

Nikamshika mkono. Tukazunguka choo, tukazunguka zizi la mbuzi, tukaja kutokea mbele ya nyumba yetu wenyewe. Akasimama, akaitazama. Nikaogopa kwamba ameitambua.

"Hodi," akasema.

Hapakuwa na mwingine wa kuitikia. Nikasema karibu, nikamfungulia. Pale kiunoni kidude kikalia mara tatu, na mwili wangu wote ukashtuka, ingawa mkono wake nilikuwa nimeushika.