Hita ya pikapu na mablanketi matatu

Leo nimemsimamisha baba wa watu barabarani kwa kelele, na kosa lilikuwa langu.

Mwanangu Mwita aliumwa homa wiki iliyopita. Sasa leo asubuhi, na baridi ile ya kwetu Kisaka, nikamfunga mablanketi matatu. Jirani yetu Baba Bhoke akatupa lifti kwenda kliniki Mugumu.

Hatujafika mbali, nikamgusa mtoto shingo. Moto! Nywele zimelowa.

"Simama! Homa imerudi!" Machozi yananitoka kabisa.

Baba Bhoke akasimama, akanitazama.

"Mama Mwita, mbona hata wewe unatoka jasho?"

Kumbe injini ya dizeli huchelewa kupata joto, kwa hiyo pikapu yake ina hita ya umeme ya kupasha ndani mapema. Mimi siku zote napanda nyuma na magunia, ningejuaje?

Nikatoa mablanketi mawili. Mwita akanyoosha miguu, akacheka.

"Niizime hita?" Baba Bhoke akauliza.

"Usiizime, baba. Punguza tu."

Mimi na Mwita tukalala mpaka Mugumu, usingizi wangu wa kwanza wa maana tangu aumwe. Nilipoamka gari limeshasimama getini kitambo, hita bado inawaka, na Baba Bhoke yuko nje ananisubiri niamke mwenyewe.

Chekeni tu. Mkimaliza mniambie, ninyi wenu mnawafunga mangapi?