Chungu cha Darini

Mama alilima maharage kwenye ngoro, yale mashimo ya mlimani ambayo matuta yake hufukia nyasi zilizofyekwa. Maharage yake yalikuwa madogo, meusi yenye baka jeupe, na yakiwa mabichi yaliiva kabla hujamaliza kumenya ndizi. Kila msimu alinitumia kikapu mjini Mbinga kwa bodaboda. Mbegu hakuwahi kununua. Aliichagua punje kwa punje, akaichanganya na majivu, akaihifadhi kwenye chungu juu ya dari ya jikoni.

Alipofariki, waombolezaji walijaa uani. Siku ya pili mama mdogo akaniambia, “Mwanangu, mboga imeisha. Hakuna maharage mengine?” Nilipanda darini mwenyewe, nikashusha chungu, nikaosha majivu, nikawapa wapishi yote. Sikujiuliza hata kidogo majivu yalikuwa ya nini. Kusoma kote kule, na jembe nilikuwa nimeliacha utotoni.

Tukala. Nilipoongeza sahani ya pili nikasema hakuna anayelima maharage kama mama. Mama mdogo akaacha kutafuna. Akaniuliza nilikoyatoa, nikamwambia.

“Umebakiza kiasi gani?”

Nikamletea chungu kitupu. Hakunigombeza, akajifunika uso kwa kanga.

Sasa kila Jumamosi nazunguka sokoni Mbinga nikichungulia magunia ya watu. Wauzaji wananionyesha ya njano, mekundu, hata meusi matupu, nami nanunua kwa aibu. Ngoro za mama nimezilima kwa mikono yangu, na mvua imeshazijaza mara mbili. Sijapanda kitu.