Tulipochelewa Kuuliza

Nakumbuka asubuhi moja ya masika, mwanangu, nilipokuwa daktari kijana kwenye wodi ya watoto huko Geita. Mchimbaji mmoja wa Nyarugusu na mkewe walimleta binti yao mdogo, Doto, akikohoa na kuhema mpaka mbavu zinabonyea. Niliwatambua. Pacha wake, Kulwa, alikuwa amefia mikononi mwetu wiki chache nyuma kwa kikohozi kama hicho. Kulwa nilimtibu nimonia, kama wengi wangefanya, lakini dawa haikumshika.

Safari hii alikuwapo Dokta Zuhura, bingwa wa watoto, mama mmoja mpole mwenye asili ya Tabora. Aliagiza Doto awekewe oksijeni, kisha akavuta kigoda, akakaa karibu na mama yake.

"Pole, Mama Doto. Nyumbani mnapikia wapi?"

"Ndani, dokta. Chumba ni kimoja."

"Na mvua ikinyesha, dhahabu mnachomea wapi?"

Mama alimtazama mumewe. Mume akajibu taratibu, "Humo humo. Nje moto unazimika."

Wachimbaji wadogo, mwanangu, hukamata dhahabu kwa zebaki, kisha huichoma ili zebaki itoke. Inatoka, lakini haipotei. Hugeuka mvuke, na mapafu ya mtoto ni laini. Dokta Zuhura hakujifanya anajua kabla ya kujua. Aliwaambia, "Nahisi ni zebaki, ila nataka kupima." Mkojo wa mtoto ukapelekwa Mwanza. Majibu yaliporudi, Doto alikuwa ameanza kunyonya tena, na ilikuwa zebaki kweli.

Dokta Zuhura aliwaeleza wazazi wote wawili bila kupandisha sauti. Mama akauliza lile nililokuwa naliogopa. "Na Kulwa je?"

"Kulwa sikumpima, mama, siwezi kuapa. Ila huenda ni mvuke huo huo. Ninyi hamkujua, na sisi tuliomtibu hatukuwauliza." Alisema "sisi", ilhali Kulwa alipolazwa yeye alikuwa likizo.

Yule baba akainamisha kichwa. "Basi mama yangu hakumroga," alisema.

Hapo ndipo tukasikia mengine. Baada ya mazishi, ndugu walimnyooshea kidole bibi wa watoto kwa sababu ana macho mekundu. Unajua kwetu jambo hilo limeua wazee wangapi. Mwanawe akaona heri amwondoe, akampandisha basi kwenda kwa ndugu zake Kishapu.

"Macho yale ni ya moshi wa kuni, baba," Dokta Zuhura alimwambia. "Mfuate."

Alimfuata, akarudi peke yake. Alinieleza tukiwa kwenye korido, siku ya kumchukua Doto. Bibi aliitikia shikamoo yake, akampa uji, akamsikiliza mpaka mwisho. Kisha akamwambia, "Nimekusamehe, ng'wana wane, mwanangu. Ila siwezi kulala tena kwenye nyumba iliyoniogopa." Hakurudi tena; baadaye nilisikia amefia huko huko Kishapu.

Doto alipona. Ni mama wa watu sasa, hukaa Katoro. Lakini majuto ni mjukuu. Mpaka leo najiuliza: ningeketi na wazazi wale Kulwa alipoletwa, pengine mtoto angekufa vilevile, maana mapafu yakishaungua dawa ni chache. Bibi yule, hata hivyo, angezikwa na wanawe. Jibu letu lilikuwa sahihi, na lilimkuta ameshafukuzwa.

Mwanangu, kesho unaanza kazi wodini. Usimtibu mtoto kama aliyeanguka kutoka mbinguni. Ana nyumba, ana jiko, ana bibi. Kuuliza si ujinga, basi uliza mapema, na uulize kwa adabu, maana mzazi anayeogopa kukaripiwa atakuficha. Pima kabla ya kusema najua. Ukweli ukiupata, uwape wote, tena upesi, kwa sababu penye kifo kisichoelezwa watu humtafuta wa kumlaumu, na humpata aliye mnyonge.

Mungu akupe sikio refu kuliko ulimi, na mikono yako iwe ya heri kwa kila mtoto atakayewekwa mbele yako.